Vema ya Chaki

Kila akitoka shule, Mwaisha alipitia Mwembesongo, kwenye karakana ya baba yake mdogo, Twalibu. Mwaka huo wa 1998 wengi walioachishwa kazi viwandani walikuwa wamegeukia kuku, naye Twalibu, fundi umeme wa zamani wa kiwanda, aliwatengenezea mashine za kutotolea vifaranga. Ndani ya mashine, chipu moja ilisoma vipimajoto viwili kupitia nyaya zilezile, ikawasha au kuzima joto. Kila kipimajoto kilikuwa na namba yake, ili chipu ikiita, kiitike kimoja tu.

Siku moja kipimajoto cha chini cha mashine mojawapo kilikuwa kimekufa, na ndani mlikuwa na mayai mia na ishirini ya Bibi Regina, mkulima wa Mgeta, yaliyobakiza siku tatu kuanguliwa.

"Weka hiki kipya," Twalibu alimwambia. "Vyote huja vikiwa namba moja, kwa hiyo kwanza hamisha mguu wake huu wa waya, kiwe namba mbili. Ukimaliza, tia vema."

Desturi hiyo aliitoa kiwandani. Kazi iliyokwisha ilitiwa vema ya chaki ukutani, na haikukaguliwa tena.

Nje, rafiki yake Lucy alikuwa akimwita kwenye mchezo wa rede. Mwaisha alikifunga kipimajoto upesi upesi, mguu hakuugusa, akatia vema, akakimbia. Alijiambia atauhamisha akirudi.

Aliporudi, Twalibu alikuwa ameshawasha mashine. Kioo cha mashine kilionyesha vistari vitupu badala ya nyuzi joto, na joto lilikuwa limejizima. Bibi Regina alikuwa amesimama kando, upande wa kanga mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yatakufa haya?"

Twalibu alifungua nyaya, akazifunga. Alibadilisha chipu, akalehemu upya. Vistari vilevile. Mwaisha alikaa, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Aliona haya, na woga ulizidi haya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliomba irefuke kidogo.

"Nyaya nzima, chipu nzima," Twalibu alinung'unika. "Kipimajoto kimetiwa vema. Tatizo liko wapi?"

Bibi Regina aligusa yai moja. "Linapoa," alisema.

Hapo Mwaisha alishindwa. "Baba mdogo, ule mguu sikuuhamisha. Nilitia vema bure."

Twalibu aliuhamisha mguu, akaulehemu kwa tone la risasi, akawasha. Kumbe vipimajoto vyote viwili vilikuwa namba moja, vikiitika pamoja, chipu isielewe hata kimoja. Sasa nyuzi joto zilitokea kwenye kioo na joto likaanza kupanda.

Siku tatu baadaye walitoka vifaranga tisini na mmoja. Mayai mengine hayakufunguka.

"Waya ukikatika, nitaupima na kuugundua," Twalibu alisema. "Neno la mtu nikishaliamini, silipimi tena. Ukisema umefanya, iwe umefanya. Na usiniombe radhi mimi. Mwombe mwenye mayai."

Mwaisha alipiga magoti. "Nisamehe, bibi."

"Nilikusamehe siku ileile uliposema," alijibu Bibi Regina, akifunika tenga la vifaranga. "Ila siku nyingine, mjukuu wangu, useme mayai yakiwa bado ya moto."