Mayai ya Majirani na Programu Kuukuu

Naapa kwa macho yangu haya mawili: haya ninayosimulia ni kweli tupu, hayana hata chembe ya chumvi.

Asubuhi hiyo Mama Vifaranga alikuwa akifagia chumba cha mashine ya kutotolesha. Mashine ilijaa mayai ya majirani. Kila mama alikuwa amechora alama yake kwenye ganda: nyota, jani, duara. Vifaranga walikaribia kutoka. Ukitega sikio, ulisikia mlio mdogo ndani ya yai.

Mara feni ya mashine ikanyamaza.

"Baba watoto! Umefanya nini?"

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Najua, alikuwa mbele ya kompyuta. "Nimeiwekea kompyuta mfumo mpya. Ule wa zamani ulikuwa unajikokota. Tulia, najua."

Mama Vifaranga akautupa ufagio. Mashine ile haikuwa na swichi ya joto. Ilipokea amri kwa waya kutoka programu moja kuukuu ya kompyuta. Sasa programu haifunguki. Bila programu, hakuna joto wala feni. Mayai yakifa, atawatazamaje wale akina mama?

Akampigia simu dada yake mkubwa, fundi wa kompyuta.

Huku nyuma, Bwana Najua akaiweka programu upya. Ikagoma. Akaiweka tena, mahali pengine. Ikagoma. Akatafuta na toleo jipya, akaliongeza. Kisha akanyoosha mkono kufungua mlango wa mashine, apapase mayai.

"Wewe! Toa mkono!" Dada mkubwa alikuwa mlangoni, anahema, kandambili moja mkononi. "Ukifungua, joto lote linakimbia. Ifunikeni blanketi, acheni matundu ya hewa. Shemeji, nipishe kwenye kiti."

"Shemeji, mimi najua..."

"Unajua kukaa pembeni? Anza na hilo."

Mama Vifaranga akapiga magoti mbele ya kioo cha mashine. "Dada, kipimajoto kinashuka!"

"Nakusikia. Huu ujumbe wa kompyuta mmeusoma?"

"Asome nani? Kila ukitokea shemeji yako anaufunga, kama anafukuza nzi."

Dada akausoma kwa sauti: "Njia ya mawasiliano inatumiwa na programu nyingine." Akageuka. "Shemeji, umeweka programu ngapi?"

"Nne, pamoja na ile ya kwanza. Nilidhani moja ikikataa, nyingine itakubali."

"Waya ni mmoja! Programu moja tu inaweza kuushika. Hizi zimejificha nyuma, zinanyang'anyana. Ni wapishi wanne na mwiko mmoja."

Akazifunga zote. Akaondoa zile za ziada, akabakiza ile ya kwanza. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Mama Vifaranga hakubandua macho kwenye kioo. Mlio ndani ya mayai ulikuwa umefifia.

Programu ikafunguka. Ikajifunga.

"Imekufa!" alilia Mama Vifaranga.

"Haijafa, iko ugenini. Ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani. Njoo uone, kesho ufanye mwenyewe. Bonyeza alama ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Fungua sifa zake. Tafuta sehemu ya upatanifu, yaani ya kuipatanisha na mfumo wa zamani. Chagua mfumo ule iliouzoea. Hifadhi."

Mama Vifaranga alibonyeza hatua kwa hatua.

Akahifadhi, akaifungua programu. Halafu feni ikaguna, ikazunguka.

"Na kama ingekataa?" aliuliza.

"Tungerudisha mfumo wa zamani. Nakala yake mnayo?"

Bwana Najua akaanza kuchunguza dari.

Kipimajoto kilipanda polepole. Kesho yake maganda yalipasuka, na akina mama wakabeba vifaranga wao kwa vikapu. Tangu hapo, nyumba ile haigusi mfumo wa kompyuta mashine ikiwa na mayai. Wanaweka nakala kwanza. Wanajaribu programu mashine ikiwa tupu. Na ujumbe ukitokea, Bwana Najua ndiye anayeusoma, kwa sauti, mpaka mwisho.

Kifaranga wa kwanza kutoka alisimama wima, akamtazama Bwana Najua, akasema: "Shikamoo, baba."

"Alisema lini?" Mama Vifaranga ananiuliza. Amesimama nyuma yangu, kumbe anasoma kila ninachoandika. "Baba watoto, mzee mzima, huoni haya? Toka hapo."

Sawa, hakusema. Nimeshapewa brashi na ndoo. Trei zote za mashine ni zangu kusugua leo, na maganda yamegandamana kweli kweli.