Kikohozi cha Mama

Jamani, nyumba ile ilikuwa haijui kimya! Mbele ni sebule, chumba cha nyuma ni studio ya video. Huku sufuria inachemka, kule vigelegele vya harusi vinalia kwenye kompyuta, vinarudishwa, vinalia tena. Baba ndiye mpiga video. Binti yake anapokea wateja. Kijana wake anakata na kuunganisha video, ndiyo maana wanamwita Mkasi.

Na Mama? Mama ndiye aliyekuwa akiwagombeza wote. Mama alifariki.

Kabla hajafariki, Baba alimrekodi amekaa kitandani, anasimulia walivyokutana. Video moja tu. Sauti yake imebaki humo.

"Nitaitengeneza ipendeze, ndugu waje waione," Mkasi alisema.

Katikati ya video Mama alikohoa, kikohozi kirefu kile cha siku za mwisho. Mkasi kila akikisikia, machozi yanamtoka. Akakikata. Akakata na kipande kilichofuata, maana Mama bado alikuwa anahema. Kisha akahifadhi kwenye faili lile lile.

"We, si umeharibu ile ya mwanzo?" Dada akamuuliza.

"Ondoa wasiwasi, dada. Sanduku halisahau. Nikitaka ya jana, narudi jana."

Sanduku ni mashine yao ya kuhifadhia video. Linakaa chini ya meza, linanguruma kama paka aliyeshiba. Kila baada ya muda linaweka kumbukumbu ya mafaili yalivyo. Ukikosea, unarudi nyuma. Raha iliyoje!

Basi Mkasi akanogewa. Mara abadili rangi, ahifadhi. Mara aongeze muziki, ahifadhi. Na harusi za wateja nazo, kata, hifadhi, kata, hifadhi.

Ndugu wakaja. Wakaitazama video, wakalia, wakaisifu. Baba alisubiri mpaka wageni wakaondoka.

"Mwanangu, pale alipokohoa pako wapi?"

"Nilipatoa, Baba. Panauma."

"Alipomaliza kukohoa alinicheka. Akasema, 'Wewe nawe! Vifungo vya shati umevipishanisha tena. Nikiondoka nani atakufungia?'" Baba akashika vifungo vyake. "Hapo ndipo ninapotaka kupaona."

Mkasi akakimbilia sanduku. Akarudi nyuma, nyuma, mpaka kumbukumbu ya zamani kuliko zote. Hata humo Mama hakohoi.

Dada akamwita jirani yao, Mama Mitambo, anayetunza kompyuta za hospitali. Akaja na kitambulisho cha kazi bado shingoni. Akatafuta kote.

"Kadi ya kamera je?"

"Tuliifuta, tukarekodia harusi," Dada alijibu kwa sauti ndogo.

Mama Mitambo akachukua sinia mezani.

"Njooni muone. Sinia hii ndiyo nafasi ya kumbukumbu. Ukibadili faili, sanduku halitupi la zamani. Linaliweka hapa. Faili la barua ni kama kikombe." Akaweka kikombe. "Faili la video ni sufuria." Akaweka sufuria. "Ukiibadili video nzima na kuhifadhi, unaleta sufuria nyingine. Sinia ikijaa?"

"Kinatolewa cha kwanza," Dada alisema.

"Ndiyo. Sanduku lenu limepangwa hivyo. Linatoa cha zamani zaidi, bila hata hodi."

Mkasi akarukia, "Basi shangazi, tuongeze sinia!"

"Na wewe utaongeza sufuria, Mkasi! Kumbukumbu ni ya kukuokoa ukikosea leo. Video ya asili haikai humo. Iwekee mahali pake, uifunge isibadilike. Kata nakala, usiguse asili. Nakala nyingine iweke kwenye diski, ikae nyumba nyingine. Na kadi ya kamera usifute kabla ya hayo."

"Na sehemu ya sandukuni ya kukatia video?" Dada akauliza.

"Itenge. Kumbukumbu zake ziwe za siku chache tu. Na sanduku likuonye nafasi inapokaribia kujaa."

"Na video ya Mama, shangazi?" Mkasi akauliza.

Mama Mitambo akamshika bega. Akatikisa kichwa.

Wakatengeneza vyote. Folda ya Asili ikafungwa. Diski ikapelekwa kwa mjomba. Haikupita muda, bibi harusi mmoja akaja mbio. "Babu yangu mlimkata! Alikuwa anacheza, akaanguka, tukacheka. Sasa hayupo tena duniani." Mkasi akafungua Asili. Babu yule pale, anacheza, anaanguka. Bibi harusi akacheka huku analia. Mkasi akatoka nje, akakaa kwenye ngazi peke yake.

Baba akamfuata. "Inuka. Washa kamera. Leo mimi ndiye nitakayerekodiwa."

Akakaa kwenye kitanda kile kile. Akasimulia alichosema Mama, neno kwa neno. Katikati akakohoa, akafuta macho, akaendelea.

"Baba, vifungo," Dada alinong'ona. Shati lilikuwa limefungwa upande.

"Viache," Baba akasema.

Kamera ilipozimwa, Mkasi akaitoa kadi, akaiingiza video kwenye Asili nzima nzima, na kikohozi chake, na machozi yake. Akaifunga. Kisha akamwendea Baba, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumfungulia vifungo na kumfungia upya, kimoja kimoja.