Soya Mbichi ya Wakonyo

Wakonyo alilala amechoka na kuamka amechoka. Kwake Kalimoni, kila asubuhi ilianza na vifaranga. Walikula kwa pupa mpaka chombo kikabaki kitupu. Ila kukua hawakukua. Vifua vilikonda, manyoya yakasimama ovyo.

Ukutani pa banda lao palining'inia kikapu chake cha kuchumia kahawa. Kazi hiyo ilikuwa imemharibu mgongo, akaiacha. Kuku hawa wasipokua, angelazimika kuirudia. Aliogopa hata kukitazama kikapu.

"Hawa ni kuku wa kupiga picha tu," mumewe Wanyoike akatania, akaenda zake kazini Thika. Wakonyo hakuwa na nguvu za kucheka.

Chakula chao alikichanganya mwenyewe: mahindi, pumba, dagaa wa omena na soya. Vifaranga walipodumaa, aliwaongezea soya. Walipozidi kudumaa, akaongeza tena.

Mwishowe alimwita jirani yake Naliaka, daktari wa mifugo. Naliaka aliramba unga ule kidogo, akatema.

"Mama Githae, hii soya ulikaanga?" akamuuliza Wakonyo.

"Kukaanga ya nini? Nilipeleka isagwe kwa posho mill moja kwa moja."

"Basi shida iko hapo."

Naliaka akaketi, akaeleza polepole. Protini ni kama kamba ndefu. Tumboni mwa kuku kuna vimeng'enya, vitu vidogo mno vinavyofanya kazi kama mikasi. Hukata kamba hiyo vipande vipande ili mwili uitumie.

"Sasa soya mbichi iko na vizuizi," akasema. "Kizuizi kinashika mkasi, haukati tena. Protini inapita tu hivyo."

"Na kwa nini Mungu aliweka kitu kama hiyo kwa soya?"

"Kila kiumbe kimejengwa na seli, vyumba vidogo hatuwezi kuona kwa macho. Ndani ya seli kuna mikasi pia. Ikiachiliwa ovyo, inakata seli yenyewe. Ndio maana soya iko na vizuizi vya kuituliza, hata seli zako ziko navyo. Lakini vya soya vikiingia kwa tumbo ya kuku, vinafunga mikasi yake. Mwili unatengeneza mingine, nayo inafungwa. Kuku anachoka bure."

"Kama mimi," Wakonyo akasema. Machozi yakamlengalenga. "Na vile nimekuwa nikiwaongezea."

"Hukujua, mama. Moto ndio unaharibu hivyo vizuizi. Kaanga mpaka soya ikuwe kahawia, bila kuunguza, ndio upeleke isagwe. Hii mbichi wacha kuwapa."

Jioni hiyo Wakonyo alikoroga soya kwenye sufuria hadi mkono ukamuuma. Hakuwa na hakika. Lakini wiki zilivyopita, vifua vilijaa na manyoya yakalala vizuri. Miezi baadaye, kikapu kilidondoka kutoka ukutani. Kuku mmoja akaingia ndani yake, akatulia, akataga yai lake la kwanza.

Wanyoike alitaka kukirudisha mahali pake.

"Wacha hapo," Wakonyo akamwambia. "Sasa kimepata mwenyewe wake."

Akavuta kigoda, akaketi kupumzisha mgongo.