Usinitangulie Ukurasa

Chwaa!

Sauti ndogo tu ya karatasi ikigeuzwa. Lakini ilipenya kwenye simu, ikavuka mji mzima, ikamfikia mwenye masikio yake. Upande wa pili sauti iliyokuwa ikinisomea ikakatika.

"Hiyo ni nini?"

"Nini ni nini?"

"Nimesikia ukurasa. Mimi sijafika chini."

"Upepo huo, mpenzi. Dirisha liko wazi."

"Upepo wa kwenu una viganja? Nimeusikia ukigeuza karatasi, halafu ukailaza taratibu."

Nilikuwa nimejilaza juu ya kochi la mteja lisilo na kitambaa, springi zikinichoma mbavu. Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko nyuma ya barabara kuu, nalala humohumo. Yeye anauza dawa dukani, ndiyo maana namwita Dozi, na anaishi na mama yake upande wa pili wa mji. Kila jioni baada ya kazi tulipigiana simu tukasoma. Nakala mbili za kitabu kimoja, kinene, jalada la kijani. Yeye ukurasa, mimi ukurasa, zamu kwa zamu. Kurasa nne tu, kisha anaweka alama na kuniaga. Sheria ilikuwa moja: hakuna kumtangulia mwenzako.

Na siku tulipokifungua aliniambia kwa mdomo wake: "Tukikimaliza hiki pamoja, uje nyumbani uongee na Mama."

Basi ndugu msomaji, hebu nihukumu. Mwanaume mzima, damu inachemka, nimepimiwa ndoa yangu kwa kurasa nne kila jioni! Mimi kitabu hukimaliza kwa mkao mmoja, kisha namgawia wa kwanza kupita mlangoni. Miezi ilikatika. Mvua zikaja, zikaenda. Sisi tulikuwa bado tumekaa na mjane mmoja, fundi wa saa, anayemngojea mumewe askari ambaye watu wote wanasema alifia vitani.

"Sema kweli," akasema. "Umefika wapi?"

"Nipo palepale ulipo."

"Juzi ulicheka kabla mzaha haujafika. Nikajiambia labda amekumbuka lake. Jana, pale mjane anapoletewa kofia ya askari, ulishusha pumzi kabla sijaitaja kofia. Nakuuliza tena, Petroli. Umefika wapi?"

Petroli ni jina la mtaani. Yeye huniita mshairi wangu. Nikajua mambo yameharibika.

"Nimemaliza."

"Lini?"

"Jumapili ile. Sikuwa na kazi, nikakifungua, nikashtukia kimekwisha."

"Kwa hiyo siku zote hizi unanisomea ukijifanya hujui kinachokuja. 'Eti mpenzi, unadhani atarudi?' Ulikuwa unaniigizia!"

"Nilikuwa nakufurahisha!"

"Nimeomba unifurahishe? Nimeomba tutembee pamoja."

Hapo ndipo petroli ilipokutana na kiberiti.

"Tutembee? Huku ni kutambaa! Umezoea kuwapimia watu vijiko, asubuhi kimoja, jioni kimoja, na mimi umenigeuza kikohozi!"

"Dawa ukiinywa chupa nzima huponi haraka. Unalazwa."

"Nimekuomba turuke sura mbili tatu, umekataa. Sura zenyewe hazina kitu, mvua tu inanyesha!"

"Mimi nimeipenda hiyo mvua."

"Basi ngoja nikuokolee muda! Anakufa! Umesikia? Askari anarudi, anakuta jeneza linatolewa mlangoni. Mjane wako amekufa, kitabu kimekwisha. Haya, nije lini kwa Mama?"

Nikasikia kwa mbali, nyuma yake, mtu akisema "Aah!" kama aliyeungua na chungu. Kisha simu ikakatwa.

* * *

Nilipiga, hakupokea. Nikapiga tena, simu imezimwa. Nikasema sawa, mimi nina kalamu. Ushairi sikufundishwa na mtu, nimejifunza mwenyewe huku nikipigilia misumari, na beti zangu zimewahi kuwaliza watu wazima. Nikamtumia:

"Nimengoja nimechoka, mpenzi hujatambua,
Kitabu ukikiweka, moyo wangu waugua."

Asubuhi likaja jibu: "Ukiugua, duka la dawa liko wazi. Ila atakuhudumia mwenzangu."

Msumari, mwenzangu karakanani, alipolisoma akacheka mpaka akaangusha nyundo.

"Kaka, watu huachwa kwa michepuko. Wewe umeachwa kwa jeneza la karatasi!"

"Sijaachwa. Amekasirika."

"Mwombe radhi basi."

"Radhi ya nini? Nimesoma kitabu! Tangu lini kusoma kukawa kosa? Akina dada wengine wanalia wanaume wao hawashiki hata gazeti."

"Sikiliza, Petroli. Unaweza kuwa na haki na bado ukalala peke yako."

Nilimtupia sponji la kochi. Lakini mchana nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, mikono imejaa vumbi la mbao, nyuma ya mzee mmoja mwenye bandeji kichwani.

Zamu yangu ilipofika, mwenzake alikuwa stoo. Ikabidi anihudumie mwenyewe.

"Unaumwa nini?" Hakuinua macho.

"Unajua ninachoumwa."

"Hatuna dawa yake. Mwingine!"

"Dozi, tafadhali. Nikusemeshe kidogo tu."

Mama mmoja nyuma yangu akadakia: "Mwanangu, kama huumwi tupishe. Sisi tuna homa za kweli."

Watu wakacheka. Uso ukaniwaka, lakini sikuondoka. Nikasogea pembeni, kwenye mizani ya kupimia uzito, nikasimama kama nguzo. Foleni ilipokatika, akaja na kitambaa, akawa anafuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

"Unadhani nimekasirikia mwisho wa kitabu," akasema chinichini.

"Sasa umekasirikia nini?"

"Nitajie kitu kimoja ulichokisoma mara mbili."

"Cha nini kusoma mara mbili? Kitabu kilichosomwa ni ganda la chungwa."

"Kile cha kijani kiko wapi?"

"Nilimgawia mteja. Yule mama wa kochi la kahawia. Ukurasa ule ulionisikia nikiugeuza ulikuwa wa nakala ya kuazima... nilirudi kuiazima kwa muuza vitabu ili niendelee kukusomea."

Aliacha kufuta.

"Baba yangu naye alikuwa hivyo," akasema. "Akianza kitu, moto. Alimpenda Mama kwa haraka, akaoa kwa haraka, akamjua kwa haraka. Alipoona ameshamjua wote, akaondoka. Hakugombana na mtu. Alimaliza tu, basi. Sasa wewe unafikiri naogopa haraka yako? Siogopi haraka yako, mshairi. Naogopa siku utakayofika ukurasa wangu wa mwisho."

Nikashika ukingo wa kioo.

"Mwingine!" akaita, ingawa hakukuwa na mtu.

* * *

Nilirudi nimefura. Hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Nikapasua kitambaa cha mteja bila kupima, nikakosea, Msumari akanipokonya mkasi.

Siku zikapita. Beti zikakataa kuja. Kisha, nikiwa na misumari mdomoni, simu ikalia. Ujumbe:

"Nimemaliza. Hakufa."

"Nani?"

"Mjane. Hakufa. Jeneza ni la mama mkwe wake. Wewe ulisomaje?"

Nikatema misumari. Nikapiga, akapokea.

"Alikufa! Nimesoma kwa macho yangu haya mawili!"

"Hakufa."

"Jeneza linatoka mlangoni kwake! Askari anapiga magoti!"

"Kapiga magoti kumlilia mama yake. Mama anaumwa sura nzima kabla ya hapo."

"Sura gani?"

"Ile ya mvua."

Nilihisi masikio yakipata moto.

"Nimekimaliza mbio," akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka. "Mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa namwona amekufa kila ninapofungua, nikataka kiishe tu. Sikuonja kitu. Umenifanya nisome kama wewe. Kasome tena, kisha uniambie nani alikufa."

Akakata.

Nilitoka mbio kwa muuza vitabu. Ile nakala ya kuazima, niliyokwisha kuirudisha, ilikuwa imeshanunuliwa. Ikabaki njia moja, kwa mama wa kochi la kahawia. Nikagonga mlango.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuhusu kile kitabu."

"Marahaba, fundi! Kitabu kipo, kinafanya kazi."

"Umeanza kukisoma?"

"Kusoma? Njoo uone."

Akanipeleka sebuleni. Kochi langu la kahawia, kitambaa kimenyooka, vifungo vimepangika, fahari ya mikono yangu. Na chini ya mguu wake wa nyuma, kimejibana sakafuni, kilikuwa kitabu changu cha kijani.

"Mguu huu ulinikatia mfupi," akasema. "Nilitaka kukuita. Nikaona nikikuita utakuja mbio utanikatia na ile mingine."

Jamani. Kuna matusi ambayo hayana tusi ndani yake.

"Nipe kitabu, mama. Nitaleta kipande cha mbao kesho."

"Kesho? Kitabu hakitoki mpaka mguu uingie. Na upime."

Nilipiga magoti, nikapima. Nikapima tena. Nikarudi karakanani, nikakata mbao, nikailainisha kwa msasa, nikaijaribu, nikaitoa, nikaisugua tena. Kochi lilipotulia, mama akalikalia, akajitingisha kushoto na kulia, akatikisa kichwa kukubali. Akanikabidhi kitabu kikiwa na kovu la mviringo juu ya jalada.

Nilikisomea barazani kwake palepale. Nikatafuta ile sura ya mvua. Mama mkwe anakohoa. Mjane anamwekea maji ya moto, anamfunika, anarudi kwenye saa zake. Mvua inapiga bati, naye anatenganisha mlio wa kila saa na mlio wa mvua, mmoja mmoja. Halafu jeneza. Halafu askari, baada ya kuzika, anakaa kizingitini akiwa amelowa, haingii. Ndani mjane anamalizia saa ya mteja. Anamwona. Hasimami. Naye askari hamwiti. Anangoja amalize.

Nilitaka kukirusha kitabu kile. Nilikuwa nimempita mtu huyu mlangoni kwake, amelowa, wala sikumwona.

* * *

Jumamosi alasiri niligonga kwao. Akafungua mama yake, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemuua mjane?"

Nikakosa pa kuficha uso.

"Usishangae," akasema. "Macho yangu hayaoni tena maandishi. Kila jioni mwanangu alikuwa anaweka simu kwa sauti kubwa hapa mezani, na mimi nasikiliza. Nilikuwa nawangoja kama watu wanavyongoja tamthilia. Mpaka ukaja ukapiga kelele na jeneza lako."

Kumbe ile "Aah!"

"Nisamehe, Mama. Tena hakufa."

"Mwanangu kaniambia. Ila kaniambia kwa ufupi, alikuwa na hasira. Na mimi sipendi kusimuliwa, napenda kusomewa." Akavuta kiti. "Keti. Soma, anzia pale kofia inapoletwa."

Nikasoma. Nilianza na kasi yangu ileile.

"Punguza," akasema Mama.

Nikapunguza.

"Bado. Unasoma kama mtu anayekimbia mbwa."

Nikashusha pumzi. Nikasoma kofia ilivyoletwa, nikangoja. Nikasoma mvua. Mama alifumba macho. Wakati mama mkwe anaanza kukohoa, nilisikia viatu vikivuliwa mlangoni, lakini sikuinua kichwa mpaka nilipofika chini ya ukurasa.

Alikuwa amesimama pale na koti lake jeupe la kazi mkononi. Amesimama muda gani, sijui.

"Hicho kimepatwa na nini jaladani?" akauliza.

"Kilikuwa kinanyanyua kochi."

"Kochi lako?"

"Mguu niliukata mfupi."

Alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani. Kisha akakumbuka kwamba amenuna.

"Usidhani kumsomea mama wa mtu kurasa mbili kunafuta kitu," akasema. "Bado nimekasirika."

"Hata mimi bado nimekasirika," nikamjibu. "Kurasa nne ni chache."

"Nne."

"Sita."

"Nne!"

"Nyamazeni nyote wawili," Mama akasema bila kufumbua macho. "Kijana, nikuulize. Nasikia vitabu ukivimaliza unavigawa. Hiki ukikimaliza utampa nani?"

Yule aliyesimama mlangoni akaacha kukunja koti. Nikajua swali si la kitabu, na kwamba jibu langu halikuwa linangojwa na Mama peke yake.

Nikakifunga, kidole kikiwa ndani ya ukurasa wetu, nikasema kwa sauti ili asikie hata jirani:

"Simpi mtu, Mama. Nakuahidi mbele yake: tukifika mwisho, nitarudi ukurasa wa kwanza, nianze naye upya."