Futi Sita za Kicheko

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote ya kazi. Tilakam aliamka, akachora maua ya unga wa mchele mbele ya mlango, akawarushia kunguru tonge lao la wali ukutani, akachemsha kahawa. Mumewe Masilamani akainywa huku akilalamika kwamba ni nyepesi, kama alivyolalamika kila asubuhi kwa miaka kumi na minane. Kisha wakashika njia ya studio kwa miguu. Kutoka mtaa wetu wa Kodambakkam hadi lango la studio ni mwendo wa kumaliza tambuu moja tu.

Tilakam alikuwa fundi wa vipodozi. Masilamani alikuwa maiti. Msicheke, ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Mastaa wetu wanapenda kupigana, kuimba na kuoa, lakini kufa hawataki. Kwa hiyo hadithi ilipodai mtu alale chini asipumue, alilala Masilamani, na kamera ikampiga picha kwa mbali.

"Nimekufa mara kumi na saba," alipenda kujigamba, "na kila mara naamka na njaa."

Filamu ya mwaka ule ilikuwa ya miungu, yenye mashetani wenye pembe za karatasi na moshi wa kupulizwa kwa feni. Yaman, mungu wa mauti, anashuka juu ya nyati wake mweusi na kamba mkononi, anamnasa mwana wa mfalme, naye malkia anamfuata hadi kuzimu kumdai mwanawe. Mwana wa mfalme alikuwa Pratapan, staa mwenye kitambi, aliyemzidi umri yule mama yake wa kwenye filamu. Mnajimu wake alikuwa amemkataza kulala juu ya kuni za kuchomea maiti, hata za kuigiza.

Basi Tilakam akamwandaa mumewe. Akampaka majivu usoni, akamtia pamba puani, akamvika shada la maua ya waridi na asumini. Mwisho akamfunga vidole gumba vya miguu kwa uzi mwekundu, kama wafungwavyo wafu wetu. Fundo lake lilikuwa la kwake peke yake, la mizunguko miwili na kitanzi kidogo.

"Unabana, mama," Masilamani akanong'ona. "Maiti naye ana damu."

"Kelele. Ushakufa."

Picha ikapigwa. Nyati akapita, moshi ukafuka, malkia akajipiga kifua. Masilamani hakutikisa hata ukope.

Sasa, lipo jambo moja ambalo watu wa filamu wa kwetu hawalifanyii mzaha. Aliyeigiza kufa hashuki alipolala kabla hajaketi, akaitazama kamera inayozunguka, akacheka. Huhitajika futi sita tu za filamu, na baadaye mkataji huzitupa. Kicheko kile ni cha kumwambia Yaman kwamba tulikuwa tunacheza. Mpiga picha wetu, Mzee Ekambaram, hakuwahi kuzima kamera yake bila kubakiza hizo futi sita.

"Haya, kicheko!" mwongozaji akapaza sauti.

Hapo Pratapan akaweka chini bilauri yake ya maji ya machungwa. "Kicheko cha nani? Nani aliyekufa hapa? Si mwana wa mfalme? Na mwana wa mfalme si mimi? Huyo ni mgongo wa kukodi tu. Mshusheni."

Watu wakatazamana. Mwongozaji alikuwa anamwogopa staa wake kuliko alivyomwogopa Yaman. Akapunga mkono, na Masilamani akasukumwa, akabiringika upande wa nyuma wa kuni. Pratapan akakalia ukingo wa jukwaa la kuni, akacheka kwa meno yote. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na filamu ndani ya kamera ikaisha.

"Na huyu, bwana?" Tilakam akauliza. "Aliyelala ni huyu."

"Kesho, mama. Umeona mwenyewe filamu imeisha," mwongozaji akajibu.

Alitaka kubisha zaidi, lakini staa alikuwa anatokwa jasho, na kazi yake ilikuwa kumfuta. Alipogeuka, Masilamani alikuwa amesimama karibu na mlango, majivu bado usoni.

"Uzi je?" akamuuliza.

"Nimeshautoa," akasema Masilamani. Tilakam akamwamini.

Nyumbani alimpakulia wali na mchuzi wa dengu juu ya jani la mgomba. Masilamani akaketi, akalitazama jani.

"Kula."

"Sina njaa."

Tilakam akacheka, akidhani ni utani. Masilamani hakucheka. Wali ukapoa vilevile ulivyopakuliwa.

Asubuhi yake akaona mwendo wa mumewe umebadilika. Alikuwa anapiga hatua fupi, miguu ikikokotana, kama mtu asiyeweza kuitenganisha. Akaenda hivyo hadi barazani, akaketi. Tilakam akaweka tonge la kunguru ukutani kama kawaida. Kunguru, kila mtu wa kwetu anajua, huja kula kwa niaba ya wazee waliotangulia. Siku ile hawakuugusa ukuta. Walishuka wote barazani, wakajipanga mbele ya Masilamani, wawili wakampanda magotini, wakamtazama kwa utulivu. Naye hakuwafukuza.

Siku ya pili jirani yao Valliamma alichungulia dirishani. "Tila, kuna msiba kwenu? Nasikia harufu ya shada."

"Hakuna msiba, dada."

Lakini hata yeye aliisikia. Waridi na asumini, na chini yake kitu kingine. Alimwogesha mumewe kwa sabuni mara mbili. Majivu yalitoka, harufu haikutoka. Ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi.

Mchana ule, amelala mkekani, Masilamani akamwita kwa sauti ndogo. "Tila. Kuni zinanichoma mgongo."

"Uko kwenye mkeka, mume wangu."

"Najua," akasema. "Lakini kuni zinanichoma."

Tilakam aliogopa. Hakumwogopa mumewe. Aliogopa kumkosa. Walikuwa hawana mtoto, hawana ndugu wa karibu, walikuwa na utani wao tu na kahawa yao nyepesi. Siku ya tatu hakungoja tena. Alimfuata Mzee Ekambaram, akamweleza yote. Mzee hakumuuliza swali hata moja. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimebakiza kipande cha filamu isiyopigwa, futi arobaini," akasema. "Mlete saa ya chakula. Wote watakuwa nje."

Saa saba mchana ukumbi ulikuwa mtupu. Nje jua lilikuwa linapasua mawe, ndani giza la turubai nyeusi. Jukwaa la kuni lilikuwa palepale. Mzee akawasha taa moja. Masilamani akakokota miguu yake, akapanda kuni bila kusaidiwa, akalala, kisha akaketi.

Kwa shida. Lakini aliketi.

"Sasa cheka," Tilakam akanong'ona.

Masilamani akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Cheka, mume wangu."

"Nimesahau," akasema. "Nimesahau kinaanzia wapi."

Kamera ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Tilakam aliisikia ikila filamu. Futi kumi. Hakufikiri. Akarukia mbele ya kuni, akatoa tumbo, akabinua midomo, akatembea kama Pratapan. Futi ishirini. Akajikwaa makusudi. Akajifunga kitambaa kichwani, akawa nyati, akalia kama nyati. Machozi yalikuwa yanamtiririka huku anacheza. Mumewe alimtazama tu.

"Zimebaki chache," mzee akanong'ona.

Tilakam akasimama. Pumzi zilimwishia. "Kahawa yangu," akasema kwa uchungu, "si nyepesi hata kidogo!"

Na Masilamani akacheka.

Alicheka kile kicheko chake cha zamani, kichwa nyuma, mkono tumboni. Mzee Ekambaram alikiona. Tilakam alikiona. Kamera ikalia tak, filamu ikaisha.

"Nina njaa," akasema Masilamani.

Tilakam alilia kwa furaha bila aibu mbele ya mzee. Akataka kumshika mkono amshushe, lakini Masilamani akatikisa kichwa. "Tangulia ukapike. Nipumzike kidogo hapa, nakuja."

Alikimbia njia nzima. Akapika wali, dengu, bilinganya, na papari za kukaanga alizozipenda. Akatandika jani la mgomba, akalinyunyizia maji. Akakaa mlangoni kumsubiri.

Waliokuja walikuwa wanaume wanne wa studio, vichwa chini.

Mafundi wa taa waliporudi kutoka kula walimkuta juu ya kuni. Amelala chali, majivu usoni, pamba puani, shada kifuani, maua yake mabichi kama yaliyochumwa asubuhi. Vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa uzi mwekundu. Daktari aliyeitwa alimgeuza mara moja tu, akajifunika pua kwa leso.

"Mmemwacha hapa muda wote huo?" akauliza kwa hasira. "Mtu huyu ana siku tatu tangu afe."

Tilakam akainama kuufungua ule uzi. Fundo lilikuwa na mizunguko miwili na kitanzi kidogo. Hakuna aliyewahi kuligusa tangu alipolifunga yeye.

Wiki moja baada ya mazishi Mzee Ekambaram alimletea kipande cha filamu kilichosafishwa. Hakutaka kuketi. Tilakam akakiinua dirishani. Katika picha ya kwanza Masilamani alikuwa amelala juu ya kuni, macho yamefumbwa. Katika ya pili, vivyo hivyo. Katika zote amelala, futi arobaini nzima, na chini ya miguu yake mwanamke anacheza peke yake mbele ya maiti.

"Nilimwona kwa jicho langu hili, Tila," mzee akasema. "Aliketi. Alicheka."

"Na mimi nilimwona."

"Kichome."

Hakukichoma. Alikitia katika kopo la biskuti pamoja na ule uzi. Kila mwaka, siku ileile, saa saba mchana, alikitoa akakiinua dirishani. Mwaka wa kwanza hakuona kitu. Mwaka wa pili alimwambia Valliamma kwamba shada limesogea. Valliamma akamhurumia, kama tulivyomhurumia wote mtaani. Mwaka wa tano alisema mkono mmoja umeshuka na kushika ukuni. Mwaka wa tisa, kichwa kimeinuka.

"Ni macho yako, Tila. Nenda kwa daktari wa macho."

"Macho yangu mazima, dada. Anaamka polepole tu. Alikuwa mvivu wa kuamka tangu zamani."

Pratapan naye alizidi kunenepa na kuzeeka. Yu hai hadi leo, na wanaomhudumia wanasema hajawahi kuugua hata mafua.

Mwaka wa kumi na nne Tilakam alinunua majani mawili ya mgomba sokoni badala ya moja. Alipika asubuhi nzima, na harufu ya bilinganya ilifika hadi kwetu. Valliamma alimuuliza ana mgeni gani. "Ameshaketi," Tilakam akajibu, na uso wake ulikuwa wa bibi harusi. "Bado kucheka tu."

Mchana ule, kunguru wote wa mtaa walitua juu ya paa lake. Hawakulia. Valliamma akaenda kugonga, akasukuma mlango.

Tilakam alikuwa ameegemea ukuta chini ya dirisha, amekufa, kichwa nyuma, mkono tumboni. Mbele yake kulikuwa na majani mawili. La kwake lilikuwa limejaa wali ambao haukuguswa. La pili lilikuwa tupu, limefutwa hadi tone la mwisho la mchuzi.

Wanawake walikuja kumwandaa. Aliyetangulia miguuni akarudi nyuma na kuziba mdomo. Vidole gumba vilikuwa vimeshafungwa. Uzi mwekundu, wa zamani, uliofifia. Fundo halikuwa lile la mizunguko miwili. Lilikuwa fundo baya, la mkono wa mwanamume asiyezoea, na lilikuwa limelegezwa kidogo ili lisibane.

Wakamwita Mzee Ekambaram, sasa anatembea kwa fimbo. Kipande cha filamu kilikuwa sakafuni kando ya kopo. Akakiinua dirishani, akakipitisha picha baada ya picha, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuni zilikuwepo. Shada lilikuwepo, limewekwa pembeni kama kitu kisichohitajika tena. Juu ya kuni hapakuwa na mtu. Chini ya kuni hapakuwa na mtu.

Mzee akakishusha polepole. Akawatazama wanawake mmoja mmoja, akauliza ni nani kati yao aliyecheka sasa hivi.