Mashine Iliyokuwa na Njaa

Jumamosi asubuhi duka la spea lilikuwa limefurika. Watu walisukumana kwenye kaunta, kila mmoja ameinua kipande chake cha chuma kilichovunjika ili muuzaji akione. Mtunza bustani wa hospitali, ambaye wenzake walimwita Majani, aliomba plagi mpya ya kuwashia injini. Ilikuwa ya nne mwezi ule.

"Hizo plagi unazila?" sauti ya kike iliuliza nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamke alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyofifia magotini, kitambaa chekundu kichwani na hereni ndogo ndogo. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa oili usiotoka kwa sabuni.

"Ni za mashine ya kukatia majani, dada. Inanitesa."

"Inazima?"

"Haizimi. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Kama mtu anayelia huku anajizuia."

Mwanamke akacheka. "Basi plagi haina kosa. Plagi mbovu inakohoa na kukatakata. Inayopanda na kushuka ina njaa: petroli haifiki ya kutosha, au hewa inaingia kupita kiasi. Gereji yangu iko nyuma ya duka hili. Ilete."

Aliileta mchana uleule. Fundi alikuwa mwanamke yule mwenyewe; aliiwasha, akalegeza kifuniko cha tangi kwanza, asikie kama sauti itabadilika. Haikubadilika. Akaizima, akaiacha ipoe, akafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, akamwonyesha tundu dogo kama la sindano lililozibwa na utando wa kahawia.

"Petroli iliyokaa muda mrefu," alisema. "Unaiacha humo msimu mzima?"

"Naiacha."

"Ndiyo maana."

Wakati anasafisha, wateja wawili waliingia na kumuuliza, spana ikiwa mkononi mwake, fundi yuko wapi. Majani akawajibu, "Mbona mnaongea naye?" Fundi aliendelea kusafisha, ila masikio yalipata moto.

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Nisikilizishe," Fundi alikuwa akisema saa nne asubuhi, na Majani alishika simu karibu na injini.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Imetulia. Mwenyewe hujambo?"

"Mimi ndiye ninayepanda na kushuka, mpenzi."

"Wewe huna tundu lililoziba. Wewe una maneno tu."

Miezi mitano walikula pamoja mchana kwenye benchi la gereji, na Majani akafahamu kwamba Fundi akifikiri huuma mdomo wa chini. Fundi alijua kwamba Majani hupiga pasi shati lake la kazi hata kama atalichafua kabla ya saa tatu.

Kisha ikaja siku ya ukaguzi. Mkuu wa utawala alisimama kwenye nyasi zilizokatwa sawasawa, wageni wamemzunguka, akauliza mashine ile mbovu ilitengenezwa na nani. Kutoa kifaa nje ya geti bila kibali lilikuwa kosa, na Majani alikumbuka hilo upesi mno.

"Mimi mwenyewe, mkuu."

Wakampigia makofi. Mkuu akasema mbele ya wote kwamba hospitali ilikuwa inatafuta gereji ya kutunza mashine zake zote, lakini sasa haina haja, mtu wao yupo.

Shangazi yake Fundi alifanya kazi ya kufua mashuka hapo hospitalini. Jioni alifika kwa mpwa wake na habari. "Kumbe bwana wako naye ni fundi? Hongera zake. Mkuu amesema hawahitaji tena gereji."

Fundi alikuwa ameomba kazi ile kwa barua, mara mbili. Akampigia Majani simu.

"Ni kweli ulisema ni wewe?"

"Nilishtuka, laazizi. Nitakueleza..."

"Wale wanaouliza fundi yuko wapi hawanijui. Wewe unanijua." Akakata.

Wiki tatu hakupokea. Majani alipita gereji, akakuta mgongo wa ovaroli ukiwa umeinamia injini, nao haukugeuka. Wiki ya nne mashine ilianza tena: juu, chini, juu. Alisafisha lile tundu kama alivyofundishwa, akabadilisha petroli, akalegeza kifuniko. Hakuna. Alikaa kwenye nyasi, mikono inanuka petroli, akaona kwamba wote waliompigia makofi sasa wanamsubiri aitengeneze.

Aliingia ofisini kwa mkuu bila kukaribishwa kiti.

"Nilisema uongo, mkuu. Niliitoa nje bila kibali, na aliyeitengeneza ni fundi ambaye barua zake ziko kwenye meza yako."

Alipewa onyo la maandishi. Kesho yake Fundi aliitwa.

Alikuja na kisanduku chake cha vifaa, akamsalimia Majani kama anavyosalimiwa mlinzi wa geti. Aliwasha mashine, akasikiliza, akapuliza dawa ya kusafishia kabureta pale kabureta inapoungana na injini. Kwa pumzi moja sauti ikatulia, kisha ikaanza tena kuyumba.

"Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, imepasuka," alisema bila kumtazama. "Hewa inapita ubavuni."

Alipomaliza, walisimama kando ya mashine iliyozimwa.

"Sikumwambia mkuu ukweli ili unirudie," Majani alisema. "Ningemwambia hata kama una mtu mwingine."

"Najua. Shangazi ameniambia ulitoka ofisini umelowa jasho." Alifuta vidole kimoja kimoja. "Niliumia, Majani. Bado naumia kidogo."

"Nipe nafasi nije kwenu."

"Kufanya nini?"

"Kukuposa. Nitakuja na kaka yangu."

Fundi aliuma mdomo wa chini kwa muda mrefu. Dirishani kwenye wodi, wauguzi wawili walijifanya wanakunja mapazia.

"Shangazi ndiye atakayewapokea," alisema hatimaye. "Na atakuuliza ilikuwaje ukajiita fundi."

"Nitamjibu kwamba niliogopa."

"Mjibu hivyohivyo, usiongeze chumvi. Njooni Jumapili mchana." Akainua kisanduku, akakipima mkononi, akampa Majani ambebee hadi getini.