Niliandika Kwamba Wamekubali

Nina miaka sabini na mmoja, naishi Kasongo, na sina ugonjwa wowote wa maana. Nasema hivyo ili msidhani naandika kwa hofu ya kufa. Naandika kwa sababu nimechoka kunyamaza.

Wakati wa Wabelgiji, baba yetu alikuwa mfanyabiashara wa mpunga. Wapagazi waliuleta kwa vichwa kutoka Wamaza, na mkubwa wao, nyampara Kalonda, alikuwa mtu wa kabila la Wabangubangu. Kabla ya kila safari baba alikaa naye mkekani, wakala pamoja, wakazungumza mpaka kila mtu akaishiwa na maneno. Baba alipofariki, kazi nikaachiwa mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na kichwa kikubwa kuliko kofia.

Dunia ilikuwa inabadilika. Barabara zilifunguliwa, wenzetu wakaanza kununua malori. Nami nikanunua kamio, lori kuukuu, nikampa mdogo wangu Musa aliendeshe. Nikaondoa mkeka, nikaweka meza. Watu wangu wakawa wanasimama mbele yangu, natoa amri, wanaondoka. Nilidhani huko ndiko kuongoza kwa kisasa... Nani angenikataza?

Msimu wa mvua, Kalonda alikuja kwa miguu kutoka Wamaza na wenzake wawili. "Mukubwa, ile kilalo iko mubaya," alisema. Alimaanisha daraja la miti lililokuwa njiani. "Miti imeoza. Tushushe magunia, tuvushe kwa kichwa, kamio ipite tupu."

Nilimjibu kwamba mambo ya vichwa yalikwisha na baba. Lori lipite na mzigo wake. Alinieleza tena, taratibu. Nikakataa tena. Wakatazamana.

"Tumesikia," wakasema.

Kwetu sisi wangwana wa mjini, mtumishi akisema amesikia, basi ametii. Kwao Kalonda sivyo. Kwao anayekubali hupiga makofi mawili. Asiyepiga amekuambia tu kwamba masikio yake ni mazima. Baba alilijua hilo. Mimi nilizaliwa hapo hapo na sikulijua... sikuwahi hata kuuliza!

Nikaandika barua, nikampa Kalonda ampelekee Musa, aliyekuwa Wamaza akipakia lori. Niliandika: wote wamekubali, pita na mzigo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na waliokuwapo. Walipofika darajani, wapagazi walikataa kupanda, wakasimama kando. Kalonda alimsihi Musa ashushe magunia. Musa akaitoa ile barua. "Yaya ameandika mumekubali," alisema. Kwetu yaya ni kaka mkubwa, na neno lake halirudishwi. Akapita. Daraja likavunjika katikati. Walimtoa majini saa sita mchana, barua imelowa haisomeki.

Sikulia. Nilikula, niliswali, nilipokea watu wa matanga. Zaina, mke wa Musa, aliniuliza swali moja tu: nani alimwambia apite? Nikamjibu kwamba nilimwagiza Kalonda ashushe mzigo, naye akafanya uvivu.

Maneno hayo hayo niliyarudia Kabambare mbele ya mzungu wa serikali. Neno la tajiri lilikuwa zito kuliko la mpagazi. Kalonda akafungwa. Nilimwona akipitishwa mbele yangu na sikuhisi kitu... si huruma, si aibu. Alitoka amekonda, akarudi Wamaza, akafa akiitwa mvivu aliyemuua mtoto wa watu.

Ninyi mnaoongoza maduka, viwanda na ofisi, nawasihi. Dunia itabadilika, nunueni mashine mpya, sikatazi. Lakini kaeni chini na wale wanaoijua njia. Mtu akinyamaza mbele yenu, muulizeni kama amekubali au amechoka kusema. Na mkikosea, kosa libebeni wenyewe. Kiburi changu kiliua mtu mmoja. Uongo wangu uliua wa pili, polepole, na kwa huo siwezi kulisingizia daraja.

Zaina yu hai. Anakaa nyumba ya pili kutoka yangu, na kila asubuhi huniletea chai kwa kuwa nilimsaidia kulea watoto. Kurasa hizi za gazeti huzisoma mwenyewe, hasa visa kama hivi, kisha huniuliza kama nami nimevisoma.

Shemeji, hiki nimekiandika mimi. Kalonda hakuwa mvivu. Aliyemwambia Musa apite ni mimi.